Kilifi, Malindi, Ngomeni na Marafa kwa baiskeli, msimu wa kusi

Anayepanga safari ya baiskeli ya pwani hii kwa kuhesabu kilomita peke yake atajikuta bado yuko njiani giza likiingia. Kilifi kwenda Malindi ni takriban kilomita 60, na asubuhi ya Agosti mtu wa mwendo wa kawaida huzimaliza kwa saa tatu na nusu za kukanyaga. Kilomita hizo hizo akizigeuza alasiri, Malindi kurudi Kilifi, zaweza kumla saa sita. Mlima wa kulaumiwa haupo. Ni kusi, upepo wa kusini na kusini-mashariki unaoshika tangu Aprili au Mei hadi Septemba, ambao hutulia kidogo usiku na kupata nguvu kadiri jua linavyopanda. Kaskazi ya Desemba hadi Machi huipindua hesabu yote. Ndiyo maana safari hii inaelekea kaskazini, na kila siku inaanza mapema kabla joto na upepo havijakolea.

Kuhusu baiskeli yenyewe, tairi nyembamba za mbio ziache nyumbani. Kinachofaa ni upana wa inchi 1.95 hadi 2.1 kwa rimu ya 26, au milimita 40 na zaidi kwa rimu kubwa, kwa sababu lami ya huku imeliwa pembezoni na kila njia ya kuelekea baharini huishia mchangani. Tyubu za 26 na za 28, ile ya Black Mamba, baiskeli nzito ya mizigo, hupatikana Malindi bila shida. Tyubu yenye valvu nyembamba ya kizungu usiitegemee kuipata. Beba mbili zako, na kiunganishi cha shaba cha kuigeuza iingie kwenye pampu ya bodaboda. Mzigo usizidi kilo 12 hadi 15, vizito vikae chini kwenye mifuko ya pembeni ya karia, si juu ya karia. Ukiufunga mzigo juu, kila pigo la tuta huenda moja kwa moja kwenye spoki za nyuma.

Siku ya kwanza: Kilifi, Gede, Malindi

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, taa ya nyuma ikiwa inawaka. Aliyelala Mnarani avuke daraja la Kilifi mapema. Tangu lilipofunguliwa mwaka 1991 na kivuko kikasahaulika, magari hayapunguzi mwendo pale juu, na upepo wa ubavuni hupenya kati ya vyuma vya ukingo na kukuyumbisha. Shika usukani kwa mikono miwili, usinywe maji hapo.

Tezo hadi Matsangoni ni minazi, mikorosho na watoto wa shule. Barabara haina njia ya pembeni ya maana. Kosa la wageni wengi ni kukanyaga juu kabisa ya ukingo wa lami: hapo pana mmomonyoko wa kina cha kiganja, na tairi ikidondoka haipandi tena bila kukuangusha. Enda kama mita moja ndani, ili gari la nyuma lilazimike kukupita kwa kupanga na si kwa kukufinya. Basi likipiga honi mara mbili mfululizo huku lingine linakuja mbele, usishindane nalo. Shuka kwenye udongo kwa hiari yako, gurudumu la mbele likiwa limenyooka, kisha urudi. Kioo kidogo cha upande wa kulia kina thamani kuliko kofia ya bei.

Matuta yapo karibu na kila shule na soko. Simama juu ya pedeli, magoti yamelegea, tako liwe wazi kutoka kwenye kiti. Anayeyapita ameketi hukata spoki, na karibu kila mara ni ya nyuma upande wa kulia, upande wa friwili (meno ya nyuma yanayoshika cheni), kwa sababu huko spoki zimekazwa zaidi kuliko za kushoto. Ikikatika njiani: itoe au izungushie ya jirani, kisha legeza nusu mzunguko spoki mbili za upande wa pili zilizo jirani na pengo ili rimu irudi katikati, na ufungue breki ya nyuma kama bado inagusa. Utafika Malindi hivyo hivyo. Spoki tatu za urefu wako kamili zifungwe kwa utepe kwenye fremu. Fundi wa kijijini anazo za Black Mamba, si zako.

Staftahi ni Matsangoni, saa moja na nusu au mbili: mahamri manne na mbaazi za nazi, chai ya maziwa, na mawili zaidi ya kufunga kwenye karatasi. Usisubiri njaa. Ukikaa zaidi ya saa moja na nusu bila kula chochote cha wanga, miguu hukata ghafla, na mtu huidhania joto.

Mida, upande wa kulia, ni hori la mikoko; maji yakijaa ni ziwa, yakipwa ni tope na ndege. Kutoka hapo msitu wa Arabuko-Sokoke unaanza kuandama barabara upande wa kushoto. Una kilomita za mraba 420 hivi na ndio mkubwa kuliko misitu yote mikavu ya pwani iliyobaki Afrika Mashariki, lakini kwa mwendesha baiskeli msitu huo hauna kivuli: kuanzia saa nne jua liko juu ya lami. Usiache mkate juu ya karia ukisimama. Nyani wa huku hawaombi.

Gede huchukua saa moja na nusu ukitaka kuyaona magofu kwa haki: msikiti mkuu, jumba la kifalme, visima, na kaburi lililochongwa mwaka wa 802 Hijria, yaani 1399. Baiskeli ibaki langoni kwa mlinzi, imefungwa kufuli, na mfuko wa vyuma uingie nao mkononi. Kwenda Watamu kutoka njiapanda ni kilomita sita hivi, na sita za kurudi. Zinafaa tu kama umefika Gede kabla ya saa nne. La sivyo endelea. Kilomita 16 zilizobaki kupitia Msabaha ni za upepo wa mgongoni, na ndizo tamu kuliko zote.

Malindi yenyewe ni tuktuk. Hukata kona bila kuashiria, kwa hiyo usikae ubavuni mwao kwenye mzunguko.

Jioni, kwenye nguzo ya Vasco da Gama, upepo unafahamika vizuri zaidi kuliko kwenye ramani yoyote. Mreno yule aliondoka hapa tarehe 24 Aprili 1498, kusi inaanza, akiwa na rubani aliyepewa Malindi, akafika Calicut, India, tarehe 20 Mei. Wakati wa kurudi hakusubiri kaskazi ishike. Kuvuka bahari ile ile kukamla karibu miezi mitatu, na mabaharia wengi wakafa kwa kiseyeye. Mwenye baiskeli hatakufa, ila kanuni ni ile ile, na kesho inamngoja.

Siku ya pili: Malindi, Mambrui, Gongoni, Ngomeni na kurudi

Hii ndiyo siku ya kuhesabu. Ngomeni iko umbali wa kilomita 30 na kitu kutoka mjini. Kwenda, kusi ikiwa mgongoni, utakwenda kilomita 20 kwa saa bila kutoa jasho na utajiona bingwa. Kurudi saa tisa, upepo uso kwa uso, ni 11 au 12 kwa saa. Yaani saa moja na nusu ya kwenda inazaa karibu saa tatu za kurudi. Anayesubiri samaki wa mchana Ngomeni na kulala kidogo chini ya mkungu atawasha taa kabla ya daraja la mto Sabaki. Geuza saa tano asubuhi, ikizidi sana saa tano na nusu.

Tena kuna bahari. Siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya pwani hii hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi. Siku za maji mafu mambo huwa kinyume chake, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Kwa Ngomeni chagua bamvua, kwa sababu njia za kando ya mikoko zinakauka wakati ule ule ulio huko. Kama huna jedwali la maji, usione haya kumuuliza mvuvi yeyote: “Shikamoo mzee, leo bamvua au mafu?” Atakujibu na saa juu yake.

Maji ya kunywa: lita nne zianze safari, na nyingine mbili zinunuliwe Gongoni. Madafu ni matamu na yana potasiamu tele, lakini chumvi inayotoka kwa jasho, sodiamu, ni kidogo mno ndani yake. Mtu anaweza kunywa madafu sita na bado akashikwa na msuli wa paja. Changanya mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa si vya kilima. Kamulia ndimu.

Daraja la Sabaki linakuja mapema, nje kidogo ya mji. Mto huu ndio Athi wa huko juu na Galana wa Tsavo, na udongo wote unaoubeba unaishia hapa: ndiyo sababu bahari ya Malindi huwa ya kahawia mvua zikinyesha, na ufuo wake umezidi kusogea mbele. Mdomoni kuna heroe na ndege wa kila namna. Kuna viboko na mamba pia, kwa hiyo kunawa uso mtoni si wazo.

Mambrui ni mji wa heshima zake. Funga kikoi juu ya kaptura kabla ya kuingia vichochoroni, shuka kwenye baiskeli mbele ya msikiti, toa salamu kwanza. Ijumaa maduka hufungwa kuanzia kama saa sita na nusu hadi saa nane, na mwezi wa Ramadhani hakuna hoteli ya mchana, kwa hiyo chakula kibebwe na kiliwe mbali na macho ya waliofunga. Kaburi la mnara la hapa lilipambwa kwa bakuli za kaure za Kichina, na mwaka 2010 wachimbaji wa Kenya na Uchina walipata karibu na hapa sarafu ya shaba ya enzi ya Yongle, mfalme wa Uchina. Kikoi hicho hicho baadaye kitakuwa taulo, kivuli na kitambaa cha kukaushia cheni.

Kutoka Mambrui hadi Gongoni hatari inabadilika. Ni malori ya chumvi. Yakiwa yamejaa hayapindi kwa ajili ya mtu, kwa hiyo kioo tena. Gongoni jaza maji, kula muhogo wa kukaanga au viazi vya karai, kisha tafuta njia ya kulia inayoshuka Ngomeni.

Hapo lami imekwisha. Toa upepo kwenye tairi kabla ya mchanga, si baada ya kuanguka. Kwa tairi ya inchi mbili, PSI 50 (kipimo cha upepo wa tairi) za lami zishuke hadi 25 au 30. Bila kipimo, bonyeza kwa kidole gumba: iingie kidogo, lakini rimu isiguse chini ukipanda. Giya nyepesi, kanyaga kwa mzunguko wa kasi na laini, uzito nyuma, usukani usikamatwe sana. Gurudumu la mbele likianza kuogelea, liache litafute njia yake. Ukilipindua kwa nguvu utalala chini. Mahali penye mchanga wa kuzama shuka usukume. Hakuna sifa ya kuua misuli kwa mita mia mbili.

Pande zote mbili ni mabwawa ya chumvi. Maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, huingizwa kwenye mabwawa, yakahamishwa kutoka bwawa hadi bwawa huku jua na upepo vikiyapunguza, na chumvi ya kula huanza kuganda yakibaki takriban sehemu moja ya kumi. Unaloliona kwa macho ni jeupe na zuri. Usiloliona ni vumbi lake, ambalo hukaa kwenye cheni, kwenye waya za breki na ndani ya valvu, likivuta unyevu wa hewa usiku kucha. Cheni iliyopita hapa asubuhi na ikaachwa hivyo hupiga kutu ya rangi ya chungwa kesho yake.

Ngomeni ni kijiji cha wavuvi, na baharini mbele yake zimesimama nguzo za San Marco, jukwaa la Waitalia la kurushia roketi. Satelaiti ya kwanza iliondoka hapo mwaka 1967. Ile ya tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza kutumwa angani kuchunguza miale ya eksirei ya nyota, ilipewa jina Uhuru kwa sababu ilirushwa siku ya sikukuu yetu ya uhuru. Kaa nusu saa, kula samaki wa kukaanga kama wapo tayari, jaza tairi tena ukifika kwenye lami, geuka.

Pancha, kama itatokea, itatokea leo. Adui ni wawili. Mwiba wa mgunga ni mrefu na huingia moja kwa moja, unausikia. Mbigiri ni mbaya zaidi: mbegu ndogo yenye pembe, ipo kando ya lami na kwenye nyua unapoegesha, na hupenya polepole. Ukiona tairi imelegea baada ya kupumzika mahali pakavu penye majani ya kutambaa, ni yeye. Ndiyo maana baiskeli hubebwa kuingia uani, haisukumwi.

Kabla ya kutoa tyubu, weka alama kwenye tairi mkabala na valvu. Jaza tyubu, tafuta tundu kwa shavu au mdomo (hewa baridi husikika upesi kuliko kwa kidole), kisha pima kutoka valvu hadi tundu na uangalie mahali hapo hapo kwenye tairi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi pande zote, kitakwama kwenye mwiba ambao kidole kingechanwa nao. Ng'oa kutoka nje kwa koleo. Paka msasa eneo kubwa kuliko kiraka, futa unga, gundi iwe nyembamba, na hapa ndipo wengi huharibu: ngoja ikauke kabisa, dakika tano, hadi iguswe isinate. Kiraka kikibandikwa juu ya gundi mbichi hushika mchana na kuachia usiku. Kibonyeze kwa mgongo wa spana kuanzia katikati kwenda nje. Kivuli ni lazima, maana gundi ikianikwa juani hukauka juu na kubaki mbichi chini. Mrija wa gundi uliofunguliwa mara moja hukauka wenyewe katika joto hili; beba miwili, mmoja usiofunguliwa.

Kurudi, uso kwa upepo: giya moja au mbili nyepesi kuliko unavyodhani, viwiko vimekunjwa, kifua chini. Wakiwa wawili, wapokezane mbele kila dakika tano, wa nyuma akae nusu mita na kidogo kando, upande usio na upepo. Kusi hapa hutoka zaidi baharini, kwa hiyo mkielekea Malindi anayefuata akae kulia kidogo kwa aliye mbele. Lori la nyuma likija, ajipange mstari mmoja papo hapo.

Kabla ya kuoga wewe, ioshe baiskeli. Ndoo moja ya maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, kumiminwa taratibu, si kwa bomba la kuoshea magari ambalo husukuma chumvi ndani ya beringi. Futa, anika dakika kumi, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila pini ya cheni, zungusha pedeli nyuma, ufute yote yaliyobaki nje. Mafuta ya cherehani huisha upesi na yanadai kurudiwa kila jioni, lakini ni bora mara kumi kuliko oili ya injini anayopenda kupaka fundi: oili nzito hushika mchanga, na mchanga na oili pamoja ni tupa inayokula meno ya friwili.

Siku ya tatu: Marafa

Siku fupi kwa kilomita, ndefu kwa miguu. Baada ya Sabaki njia inachepuka kushoto na kupanda vilima vya Magarini, udongo mwekundu, mashamba ya mahindi na muhogo ya Wagiriama. Vilima si virefu, ila vinafuatana, na mbali na bahari upepo hauji kukupoza. Uliza mjini kabla ya kutoka kama mvua imenyesha ndani: udongo ule ukilowa hujaza nafasi kati ya tairi na breki mpaka gurudumu ligome, na dawa yake ni kijiti na subira tu.

Nyari, bonde lililoporomoka la Marafa lenye kuta za mchanga mweupe, waridi na mwekundu, ni kazi ya maji ya mvua juu ya mchanga ambao haujawa jiwe kamili. Lione mapema asubuhi au baada ya saa kumi. Mchana chini kule hewa haisogei. Baiskeli haishuki, ingawa kuna wanaojaribu. Kutembea ukingoni ukiwa na viatu vya kufungia pedeli vyenye chuma chini ni kutafuta kuteleza, kwa hiyo kandambili ziwe mfukoni.

Wa kwenda mbele hadi Lamu

Lami inakwenda Garsen, Witu hadi Mokowe, na wengi huona ramani wakatamani. Ushauri wangu ni mkavu: baada ya Garsen weka baiskeli ndani ya basi. Sehemu ile ina historia ya mashambulizi, vituo vya maji viko mbali, na hali hubadilika. Polisi na makondakta ndio wa kuulizwa, asubuhi ile ile. Lamu yenyewe baiskeli ni mzigo, vichochoro ni vya punda na miguu.

Basi za Lamu zitokazo Mombasa hupita Malindi asubuhi. Mfikie kondakta kabla abiria hawajajaa, na mwafikiane nauli ya baiskeli kabla haijapanda. Toa gurudumu la mbele ulifunge kwenye fremu, geuza usukani ulale sambamba na baiskeli, ng'oa pedeli kwa spana ya 15. Ya kulia hufunguka kwa kuzungusha kushoto kama kawaida. Ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kulia, na kila anayesahau hilo huikaza zaidi mpaka spana iteleze. Zilizopita Ngomeni bila grisi huwa zimeshika. Paka grisi kwenye nyuzi zake nyumbani kabla ya safari. Laza baiskeli upande wa kushoto, cheni ikitazama juu, na magunia ya watu yasiwe juu yake.